Lugha ya Vibao, Matangazo na Vichwa vya Habari



Kibao kilichopigiliwa langoni mwa nyumba huwa na maneno mawili tu: MBWA MKALI. Hakuna kitenzi ndani yake, wala hakuna neno la kumtaja anayesema au anayeambiwa. Hata hivyo hakuna mpita njia anayesimama na kuuliza, "Mbwa mkali amefanya nini?" Kila mtu huelewa mara moja ya kuwa ndani ya ua ule mna mbwa, ya kuwa mbwa huyo huuma, na ya kuwa mwenye nyumba amekwisha kutoa onyo, hivyo mtu akiraruliwa suruali yake asije akalalamika. Maneno mawili yamefanya kazi ya maneno ishirini.

Kazi iliyobaki imefanywa na lango lenyewe. Kibao kile kile kikiondolewa pale na kutundikwa sokoni, kando ya mtu aliyeshika mbwa kwa kamba, kitakuwa tangazo la biashara: mbwa anauzwa, naye ni mlinzi hodari. Kikifungwa shingoni mwa mbwa mwenyewe hakitamfaa mtu ye yote, maana aliyekaribia kiasi cha kuweza kukisoma amekwisha kuchelewa. Basi mahali kilipo kibao ni sehemu ya sentensi yake. Mwandishi wa barua hana lango la kumsaidia, ndiyo sababu hulazimika kueleza kila jambo. Mwandishi wa kibao huliachia lango, mti, mlango au chupa iseme yale asiyoyaandika.

Neno HATARI ni mfano mwingine. Likiwa juu ya nguzo ya umeme humwambia mtu asipande, na likiwa kwenye daraja lililobomoka humwambia asipite. Neno ni lile lile, silabi tatu tu, na onyo hubadilika kwa kufuata kitu kilichobeba kibao. Neno hilo lina nguvu hata likawavutia wageni: mwaka 1962 Howard Hawks wa Marekani alitoa filamu iliyopigwa Tanganyika, ambayo ndani yake John Wayne alikuwa mkamata wanyama wa porini, na jina la filamu lilikuwa neno hilo moja na alama ya mshangao.

Lakini yako mambo ambayo lango haliwezi kuyasema. Katika mji wa Nairobi, na penye viwanda na mashamba makubwa ya Kenya, kibao kinachojulikana sana ni kile kinachosema HAKUNA KAZI. Kijana aliyetoka kwao kwa miguu au kwa nauli ya kukopa hukikuta langoni na kukisoma mara moja. Ni Kiswahili safi, wala hakikupungukiwa na herufi hata moja. Kilichokosekana ni wakati. Neno "hakuna" halisemi jana wala leo wala kesho. Halina alama ya wakati kama ile iliyomo katika "hakukuwa" na "hakutakuwa". Kibao nacho hakina tarehe. Huenda kilipakwa rangi asubuhi ile ile, au huenda kimening'inia pale miaka mitano kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukiondoa, na huku ndani watu wameajiriwa mara kumi. Kijana mwenye busara humwendea bawabu na kumwuliza. Aliye mnyonge hugeuka akarudi alikotoka. Kwa hiyo kufupisha si jambo la uzuri wa lugha peke yake, kwani neno lililoachwa nje laweza kuwa ndilo lililobeba riziki ya mtu.

Na hapa yafaa kurudi kwa yule mbwa kidogo, maana malango mengi ya Kenya hayasemi MBWA MKALI bali MBWA KALI. Waalimu wa Kiswahili hukasirika wakikiona kibao hicho, na wenye vibao huwacheka waalimu, wakisema mbwa hakusoma sarufi na atauma vile vile. Kila upande una haki yake, ila waalimu wana haki zaidi kuliko wanavyojua wenyewe. Neno "mbwa" halibadiliki likiwa moja au likiwa mengi. Anayetaka kujua kama ni mbwa mmoja au ni kundi zima hana budi kutazama neno linalofuata: mkali ni mmoja, wakali ni wengi. Aliyeandika "kali" ameokoa herufi moja, naye amemnyima mgeni habari ile ambayo mgeni angependa sana kuwa nayo kabla ya kufungua lango.

Jambo hilo la silabi ya mwanzo ndilo ufunguo wa namna Kiswahili kinavyofupishwa, wala si sawasawa na Kiingereza. Mwaka 1935 Heinrich Straumann alichapisha huko London kitabu kizima juu ya lugha ya vichwa vya magazeti ya Kiingereza, akionyesha ya kuwa vina sarufi yao wenyewe. Kiingereza kina maneno madogo madogo mengi ambayo hutangulia majina au husaidia vitenzi. Mhariri wa kichwa cha habari huyafagia yote nje na kubakiza maneno makubwa. Lakini katika lugha hiyo neno moja laweza kuwa jina leo na kitenzi kesho bila kubadili sura yake. Maneno madogo yakifagiliwa, msomaji hubaki akikisia. Mwaka 1980 jarida la Columbia Journalism Review la Marekani lilitoa kitabu cha vichwa vya namna hiyo, na kile kilichokipa kitabu jina lake chaweza kusomwa kwa njia mbili: ya kwamba kikosi cha waokoaji kilimsaidia mtu aliyeumwa na mbwa, au ya kwamba kikosi kilimsaidia mbwa kumwuma mtu yule.

Mswahili hawezi kuangukia shimo hilo. Akiandika "Polisi wamsaidia aliyeumwa na mbwa", jambo limekwisha. Kiswahili hakina maneno madogo ya kutangulia majina, basi mhariri hana ya kufagia. Badala yake hutupa majina yenyewe, na silabi za mwanzo hubaki zikishika nafasi zao kama kofia iliyoachwa juu ya kiti. Mathalan habari yaweza kuwa hivi: wezi watatu wa ng'ombe wamekamatwa na polisi huko Narok. Kichwa chake kitasema, "Watatu mbaroni Narok". Neno "watu" halimo, wala "wezi", wala "polisi", wala kitenzi cho chote. Silabi "wa" imetosha kusema ya kuwa ni viumbe wenye uhai. Kama wangekuwa ni magari, ingalikuwa "matatu". Kama ni visu, "vitatu". Wahenga walikuwa wakifanya vivyo hivyo kabla ya magazeti kujulikana: anayesema "asiyesikia la mkuu" hana haja ya kulitaja "neno", kwa kuwa "la" imekwisha kulitaja.

Silabi ya mwisho nayo ina kazi yake. Mbaroni, kortini, mashakani, motoni: kila moja ya hizo ni jina lililotiwa "ni" mwishoni, na hiyo "ni" yatosha kumweka mtu mahali au katika hali bila kitenzi. "Karani kortini" ni habari kamili. Msomaji anajua ya kuwa karani hakwenda huko kutembea.

Kisha kuna wakati wa kitenzi. Mtu wa bara akisimulia habari jioni kwake husema "wamekamatwa" au "wanataka". Gazeti husema "wakamatwa" na "wataka". Kwa njia hiyo herufi mbili zimeokolewa, na zamani, herufi zilipokuwa za risasi na kupangwa moja moja kwa mkono, herufi mbili hazikuwa kitu kidogo, maana risasi haibanwi. Kichwa kikizidi upana wa safu, mpiga chapa hukirudisha kwa mhariri. Wako wanaodhani ya kuwa namna hii ya kusema ilibuniwa na magazeti. Hilo si kweli. Mzee wa Mombasa au wa Lamu husema "wataka nini?" na "yatosha" kila siku ya maisha yake, wala hakujifunza gazetini. Magazeti yalichukua usemi wa pwani kwa sababu ulikuwa mfupi, yakaupeleka bara, na huko ukaonekana kuwa ni lugha ya vichwa vya habari. Wafanya biashara nao wameuona. Mwaka 2017 kampuni ya simu ya Safaricom ilitumia neno moja, "Twaweza", kuwa mwito wake. Ndani ya herufi saba hizo wamo wenye kutenda, umo wakati, na kimo kitendo.

Usemi huo una mtego mmoja. "Wanunua kahawa Nyeri" yaweza kuwa ni kusema ya kuwa watu fulani wananunua kahawa huko Nyeri. Yaweza pia kuwa ni kuwataja wanunuzi wenyewe, kama isemwavyo wauza samaki au wapiga ngoma. Masikio hayasaidii, maana hutamkwa sawasawa. Msomaji hana budi kushuka chini kusoma habari yenyewe, jambo ambalo, pengine, mhariri alilitaka.

Mtego mkubwa zaidi umo katika "ku". Magazeti huitumia kwa mambo yajayo: "Rais kuhutubia taifa", "Mtihani kuanza Jumatatu". Ni njia nzuri, nayo hueleweka. Lakini mkulima akiona kichwa kisemacho "Kahawa kupanda mwezi ujao", afanye nini? Bei itapanda, basi azuie gunia lake ghalani? Au ni msimu wa kupanda miche, basi akachimbe mashimo? Neno "bei" lingaliongezwa, na shaka lote lingaliondoka. Nalo ni neno la herufi tatu. Mhariri aliyelitupa neno hilo hakustahili kulipwa ujira wa siku ile.

Alama za kuandikia nazo zimepewa mizigo. Nukta mbili husimama mahali pa "amesema ya kuwa", na mkato husimama mahali pa "na". Haya, tazameni: "Waziri: Mwalimu alaumiwe". Waziri ndiye anayelaumu. "Waziri, mwalimu walaumiwe". Waziri naye yumo lawamani. Tofauti ni nukta moja iliyowekwa juu ya mkia wa mkato, na kama chapa ni mbaya haionekani kabisa. Walakini silabi "a" na "wa" zinamlinda waziri hata kama nukta imefutika. Asiyelindwa ni yule karani wa kichwa hiki: "Mtoto wa karani mwizi akamatwa". Nani mwizi? Baba yaweza kuwa ni mtu mwaminifu aliyefanya kazi miaka thelathini, na sasa mji mzima unamnong'ona, kwa sababu neno moja lilipangwa vibaya. Gazeti laweza kushtakiwa kwa kosa kama hilo, na ni haki lishtakiwe.

Magazeti yenyewe yamejipa majina kwa njia hii hii. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa ni mambo *ya* leo; na Taifa Leo la Nairobi lilifuata njia ile ile. Hakuna aliyeikosa ile "ya".

Sasa neno juu ya telegramu, maana ndiyo iliyowafundisha watu wengi kupima maneno yao kwa senti. Jina la "simu" latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Katika posta mtu alilipa kwa hesabu ya maneno, na hapo Mswahili alikuwa na faida ambayo haikutajwa sana. Mwingereza akitaka kusema "asipokulipa" anahitaji maneno sita. Akitaka kusema "hajafika" anahitaji matano. Ndiyo sababu Waingereza katika telegramu walitupa maneno mpaka ikabaki mifupa. Mswahili aliandika sentensi nzima zenye adabu yake, wala hakulipa zaidi. Wakuu wa simu hawakuwa wajinga: katika mapatano ya kimataifa ya St. Petersburg ya mwaka 1875 iliamuliwa ya kuwa neno moja lisizidi herufi 15 ndani ya Ulaya na 10 nje yake, na lililozidi lihesabiwe kuwa mawili. "Asipokulipa" lina herufi 11. Hata hivyo, mawili si sita.

Telegramu zimekwisha katika nchi nyingi. Western Union ya Marekani ilizikomesha tarehe 27 Januari 2006, na Bara Hindi ikazikomesha Julai 2013. Mahali pake pamechukuliwa na ujumbe wa simu ya mkono, ambao kipimo chake si maneno bali ni herufi, yaani 160 kwa ujumbe mmoja. Mambo yakageuka. Faida yote ya Mswahili ilipotea siku ile, kwa kuwa neno lake moja ni refu kama maneno matatu ya wengine. Vijana wakatafuta dawa yao: wakaandika "2taonana" na "cjui", wakichukua tarakimu na herufi za Kiingereza kwa sauti zake ili zishike mahali pa "tu" na "si". Wazee wamelaani sana jambo hili. Lakini lionekane wazi ya kuwa vijana hao hawakutupa zile silabi za mwanzo, wamezifupisha tu. Anayeandika "2" bado anasema "tu", na msomaji bado anajua ni akina nani watakaoonana. Mwenye kibao cha MBWA KALI ameharibu zaidi.

Matangazo ya biashara ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hapo mwenye kufupisha si lazima awe amebanwa na nafasi. Tangazo laweza kujaa ukutani, na bado likawa na maneno matatu. Miito iliyokaa vichwani mwa watu wa Afrika Mashariki mara nyingi haikuacha hata ile "ni" ambayo vibao huiacha. Tanzania ilipoendesha kampeni zake kubwa za elimu kwa redio na vikundi vya wasikilizaji, iliziita Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975; na azimio la Iringa la mwaka 1972 lilisema Siasa ni Kilimo. Hiyo "ni" katikati ni kama mkono wa mizani: huku jambo moja, huku la pili, nayo yamekaa sawa. Miito iliyokuja baadaye iliitupa: Kilimo Kwanza mwaka 2009, Hapa Kazi Tu mwaka 2015. Hiyo ni sauti ya amri zaidi kuliko ya mafundisho.

Mwuza sabuni ana hila yake. Huandika "Yasafisha zaidi!" Zaidi ya nini? Zaidi ya sabuni ya jirani, au zaidi ya maji matupu? Neno "zaidi" lina mkia wake, na mkia huo umekatwa makusudi, kwa kuwa kama ungalikuwapo mwuzaji angalipaswa kuuthibitisha. Kadhalika "bei kuanzia shilingi 100" na "punguzo hadi nusu". Kitu kimoja dukani chauzwa shilingi 100, nacho kimekwisha jana. Na punguzo la senti kumi nalo limo ndani ya "hadi nusu". Hapo hakuna uongo ambao hakimu angeweza kuushika. Mnunuzi mwenye akili hutafuta kwanza neno ambalo halikuandikwa. Neno la mfanya biashara laweza pia kufupishwa kwa haki: zile kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak huandikwa "Mali ya Abdulla", na wanawake wa pwani wakazijua kwa maneno hayo. Hakuna "hii ni" mbele yake. Nguo yenyewe ndiyo "hii".

Mahali pa kuogopwa kabisa ni bahasha ya dawa. Mganga ana wagonjwa mia nje ya mlango, naye huandika "1 x 3", au "kutwa mara 3", au "kila saa 8". Mama aliyetoka mbali na mtoto mgonjwa mgongoni huipokea na kwenda zake. "Kutwa" kwa Kiswahili ni tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Mama asikiaye lugha yake vizuri atagawa dawa zote tatu mchana, asubuhi na adhuhuri na magharibi, kisha mtoto atalala usiku mzima bila dawa. "Kila saa 8" ni mbaya zaidi. Mganga alimaanisha kila baada ya saa nane kupita, yaani mara tatu kwa siku. Mama ana saa yake ya Kiswahili, na kwake saa nane ni saa ile baada ya adhuhuri. Basi kila siku, saa nane ikifika, humpa mtoto kidonge kimoja, akiwa ametii kabisa yale yaliyoandikwa. Mtoto amepata theluthi ya dawa yake. Asipopona, watu watasema mama hakufuata maagizo.

Maneno yaliyoachwa nje hapo ni mawili, "baada ya". Bahasha hizo, hata zile ndogo kabisa, zina nafasi ya kuandika "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja alasiri, kimoja usiku wa manane", na kwa asiyejua kusoma, pana nafasi ya kuchora jua likichomoza, jua likielekea kuchwa, na mwezi.